Kufa Kisaikolojia

Mume wangu alikufa mwaka wa volkano. Sasa hivi ninapoandika yuko chumbani anakoroma, na mlango wa chumba hicho haujawahi kufunga vizuri, kwa hiyo mtaniwia radhi kama maneno yangu yatakatikakatika. Jana asubuhi Noella alinipigia simu kutoka Bukavu. Noella alikuwa mwenzangu katika kikundi cha utafiti mwaka ule, na tangu aolewe huko ng'ambo ya ziwa tunaonana kwenye harusi na misiba tu. Aliniambia Papa Profesa ametutoka, ameshazikwa, na nipande boti niende matangani. Jina la Papa Profesa sitaliandika hapa, maana watu wake wangali na majonzi mabichi; kila mtu alimwita hivyo hivyo, hata wauza nyanya. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikalia. Sadiki, mume wangu, aliuliza nani amekufa, nikamwambia. Alikuna ndevu, kisha akasema, "Ni ule muzee aliniuaka?" Basi nikaangua kicheko na machozi yakiwa bado mashavuni, naye akacheka, na tulipomaliza kucheka nikagundua kwamba mwaka ule sijawahi kumsimulia mtu yeyote toka mwanzo mpaka mwisho.

Lava ilikuwa imepita katikati ya mji ikaingia ziwani. Tulikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, tukarudi haraka mawe yakiwa bado yanatoa moshi, kwa sababu sisi watu wa Goma kukaa ugenini hatujui. Nyumba ya mama mkwe wangu, karibu na Birere, ilikuwa imefunikwa pamoja na masufuria yake yote. Tukajenga nyingine ya mbao palepale, juu ya jiwe lenyewe. Sakafu ilikuwa na joto, tukalala vizuri kuliko wenye blanketi, ila mvua ikinyesha nyumba nzima ilijaa mvuke hatuonani. Waasi walikuwa wameshika mji kwa miaka kadhaa, na barabara ya kaskazini ilikuwa na wenyewe kila mahali: leo hawa, kesho wale. Sadiki aliendesha lori la tajiri mmoja katika barabara hiyo, akipeleka sabuni na unga Vitshumbi, kule kwenye ziwa Edouard, na kurudi na samaki wa chumvi. Siku mlima ulipopasuka alikuwa njiani anarudi. Dereva mmoja alikuja kutuambia kwamba aliona kwa macho yake lori lenye turubai la bluu likimezwa na lava pale Munigi, nje kidogo ya mji, na hakuna aliyetoka. Turubai la Sadiki lilikuwa la bluu. Mimi na mama mkwe tulikwenda, tukasimama mbele ya jiwe jeusi lililotanda mpaka mbali. Hata ilipokuwa barabara hatukupajua tena.

Nilikuwa na diploma yangu ya saikolojia na sikuwa na kazi. Papa Profesa alikuwa ametoka Bukavu na fedha kidogo za kufanya utafiti juu ya namna watu wanavyoyabeba yaliyowapata, volkano juu ya vita, na alitafuta vijana wanaojua kuongea na watu. Alitupata mimi, Noella, na Kambale, kijana wa Butembo ambaye aliamini saikolojia ni ya watu wasio na shamba. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Katindo, karibu na kambi ya askari. Kila asubuhi askari walipita wakikimbia na kuimba, na Papa Profesa alikuwa anasimama katikati ya sentensi, kidole juu, mpaka wapite. Alivaa suruali yenye mstari uliopigwa pasi, katika mji ambao vumbi lake lilikula viatu. Saa sita tulikula pamoja, bugali na sombe ya majani ya muhogo, au sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, Noella alipopita sokoni, na yeye alikula kidogo kuliko sisi wote, akimega tonge dogo kama mtu aliyelazimishwa na daktari. Ukutani alikuwa ametundika kipande cha katoni alichochora ngazi yenye vidato vitano. Mtu aliyefiwa, alitufundisha, anaanza chini kabisa kwa kukataa. Anapanda kwenye hasira, halafu anabembelezana na Mungu, halafu anazama katika huzuni, na mwisho anafika juu, kwenye kukubali. Anayekwama chini anaugua.

Leo vijana wangu wa kazini wakiicheka ngazi ile mimi huwa nawakatiza, kwa sababu hawakuwepo. Wiki ya kwanza, kabla ya ngazi, tulikuwa tunakwenda kwa watu mikono mitupu. Mama mmoja alitusimulia jinsi mlango ulivyoungua, akacheka mpaka akakaa chini, na Noella akarudi ofisini akitapika. Hatukujua tumesikia nini. Papa Profesa alipotusomea vitabu vyake, Kifaransa kwanza, kisha sisi sote tukihangaika asubuhi nzima kutafuta neno la Kiswahili litakaloeleweka na mama wa sokoni, tulipata pa kushika. Nakumbuka mwanamke aliyekuwa akitetemeka kila sufuria ikianguka. Tulimweleza kwamba huo si wazimu, kwamba mwili wake unaendelea kukimbia wakati yeye ameshafika, na kwamba utachoka wenyewe. Alituangalia, akasema basi leo atalala. Tulipopita tena alikuwa ananenepa. Kwa hiyo nadharia ilikuwa na kazi, tena kazi nzuri. Tabu ilianza iliponigeukia mimi.

Ilianza kwa swali la Noella, bila ubaya, tukiwa tunakula. Aliniuliza matanga ya bwana yangu tuliyafanyia wapi. Nikajibu kwamba hatujayafanya, kwa sababu hatujui kama amekufa. Papa Profesa aliweka tonge lake chini. Tangu hapo nikaanza kupandishwa na kushushwa kwenye katoni. Nikinyamaza, nimejifungia. Nikicheka na Kambale, huko ndiko kukataa kwenyewe. Siku niliyomjibu vibaya, Papa Profesa alitikisa kichwa kwa upole na kumwambia Noella kwamba sasa ni hasira, ni dalili njema, Zaina anapanda. Jamani, hakuna kitu kinachokera kama mtu anayekufurahia ukimkasirikia! Hakuna nilichoweza kufanya ambacho ngazi ile haikuwa na mahali pake. Mwisho aliniita pembeni. Aliniambia kwa upole, nami najua alikuwa anamaanisha mema, kwamba mtu asiyeweza kumlilia wake hawezi kuwasikiliza wanaowalilia wao. Ama nimfanyie bwana yangu kilio, nimuage, ama sitakwenda tena kuongea na watu. Kazi ile ndiyo iliyotulisha mimi na mama mkwe.

Nikamweleza jambo ambalo kwa kweli hakuwa amelifikiria, yeye Mkatoliki wa Bukavu. Nikimkubali Sadiki kuwa amekufa, mimi ni mjane, na mjane wa Kiislamu anaingia eda. Nitakaa ndani miezi minne na siku kumi, sitatembea mitaani na kalamu. Yaani nisipolia sifanyi kazi, na nikilia sifanyi kazi. Papa Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Aliuliza kama hiyo eda inaweza kungoja kidogo. Halafu akapata wazo, na uso wake ukang'aa kabisa: tunaweza kumfanyia kilio cha kisaikolojia tu, cha moyoni, pale pale ofisini, bila kuingiza mambo ya dini. Nilikwenda na wazo hilo kwa shehe wa mtaa wetu, mzee mwenye asili ya Maniema aliyekuwa akishona kofia kibarazani, nikamweleza lote, na ngazi pia. Shehe alisikiliza vizuri sana. Aliuliza kufa kisaikolojia ni kufa gani, kama kuna kuoshwa. Kisha akaacha mzaha. Aliuliza yule dereva aliona uso wa Sadiki au aliona turubai. Nikasema turubai. "Turubai si mutu," akasema. Akanieleza kwamba katika sheria, aliyepotea bila habari ni mzima. Mali yake haigawanywi, mke wake haolewi, mpaka habari ya kweli ije au kadhi aamue baada ya muda mrefu. Haikuwa faraja hasa. Lakini nilitoka pale nikitembea wima, kwa sababu kumbe kulikuwa na watu wengine, wa zamani sana, waliokwisha kufikiria juu ya mwanamke kama mimi na hawakuniita mgonjwa.

Mama mkwe wangu hakutembea wima. Yeye alikuwa amechoka. Alikuwa mwanamke mkubwa wa sauti, muuza mafuta ya mawese, na kungoja kulimwondolea sauti. Siku moja alikuja ofisini peke yake, akaketi na Papa Profesa, akaangalia ile katoni, akaelezwa kidato kwa kidato. Alirudi nyumbani ametulia kunizidi. Akaniambia tuache. Akaniambia anataka kulia mutoto yake mara moja amalize, mbele kichwa yake iharibike. Nilimwonea huruma, na nilimchukia Papa Profesa kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Tangu siku hiyo alianza kumtaja Sadiki kama marehemu, na kila aliposema hivyo nilitoka nje. Ndiyo sababu nilikubali kufanya kile kilio cha ofisini. Nilifikiri, nikisema maneno yao labda yeye atapona, na mimi moyoni nitabaki na yangu.

Walipanga viti. Kimoja cha plastiki kikawekwa mbele yangu, kitupu, na Papa Profesa akanieleza kwamba nimwone Sadiki amekaa hapo, nimwambie yote niliyotaka kumwambia, halafu nimpe ruhusa ya kwenda. Alisema amewaona watu wakishusha mzigo mkubwa kwa namna hiyo. Mama mkwe alikuwa ameletwa, amefunga kitenge chake cha misiba. Noella alikuwa tayari na kitambaa. Mimi nikakiangalia kile kiti, chenye ufa mguuni, na nikajaribu kweli, naapa nilijaribu. Nilifungua mdomo niseme kwaheri.

"Sadiki," nikasema, "mama yako anasema umekufa. Papa Profesa naye anasema umekufa. Mimi nakuuliza wewe mwenyewe. Umekufa?"

Nikangoja. Watu wote wakangoja na mimi, hata Kambale, hata Papa Profesa, macho yao kwenye kiti. Nje kulikuwa na mtu anayepasua kuni.

"Hajibu," nikasema. "Mwenye kukufa hajibu. Na mwenye kuwa mbali hajibu. Sasa Papa Profesa, nikubali gani kati ya hizo mbili?"

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa kelele, nikamlilia Sadiki na nikajililia mwenyewe kwa kutojua, na Noella akanishika, na mama mkwe akafungua kitenge chake akanifuta nacho. Papa Profesa alitoka nje. Tulimwona kupitia dirisha amesimama uani na mgongo wake umetuelekea, kwa muda mrefu mpaka tukaanza kutazamana. Aliporudi alisema kikao kimekwisha. Hakunifukuza, lakini hakunirudisha kwa watu pia. Nikabaki mtu wa kunakili na kuchemsha chai, na ngazi ikabaki ukutani. Kila nikiingiza sukari kwenye vikombe niliisikia ikinitazama.

Msimu ukageuka. Siku moja nilikuwa nagawa maandazi mama mkwe alipoingia ofisini kichwa wazi, bila kitambaa, pumzi juu. Alisema, "Njoo nyumbani," na hakuweza kuongeza. Nilijua tu kwamba wameleta mwili. Tulitembea kwa haraka juu ya yale mawe makali yanayokata viatu, yeye mbele, mimi nyuma, na njiani nilikuwa napanga maneno ya shehe, sanda, nani wa kuitwa. Nilipofika mlangoni Sadiki alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mbao akila ndizi za kemba baridi. Amekonda, ndevu zimemfika kifuani, miguu imevimba. Alikuwa anatazama huku na huku mtaa usio mtaa tena, na alichoniuliza, kabla ya salamu, ni nani aliyejenga choo pale. Nikamuuliza samaki iko wapi. Sijui kwa nini. Halafu nikakaa chini kwenye jiwe mbele yake, nikashika kifundo cha mguu wake, nikahisi kina joto, na nilifurahi mpaka nikaogopa. Mama mkwe alikuwa ameegemea ukuta anapiga mbao kwa kiganja, taratibu, anasema jina lake tu.

Lava ilimkatia njia, akageuza lori. Kabla ya kufika Rumangabo wenye bunduki walimsimamisha, wakachukua samaki, unga wa akiba, lori na yeye mwenyewe, awaendeshee. Lori likafia porini. Wakamweka alitengeneze bila vifaa, na alipoona wameanza kumchoka akatoroka na homa yake mpaka Vitshumbi, ambako wavuvi walimficha na kumpa kazi ya kutia samaki chumvi mpaka njia ikafunguka. Lile lori la Munigi lilikuwa la mtu mwingine. Bluu, kama malori mengi.

Noella alikuja jioni hiyohiyo na kreti ya soda, akanong'ona kuuliza hiki sasa ni kidato cha ngapi, tukacheka kama wehu. Papa Profesa alituma salamu kwamba atakuja Jumapili kumwona bwana wa nyumba. Mama mkwe alipika pilau ya mbuzi, sauti yake imerudi, majirani wote walijua chumvi imepungua na nani kaipunguza. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka Papa Profesa aombe radhi, na nilikuwa na majibu matatu, makali kwa makali zaidi. Alifika ameng'arisha viatu, akapewa kiti kizuri, akamshika Sadiki mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia upesi. Chakula kikaja. Hakugusa. Alimwomba Sadiki amsimulie barabara, naye Sadiki, ambaye hangojei kubembelezwa, akasimulia yote, na Papa Profesa akasikiliza jinsi alivyotufundisha sisi kusikiliza, bila kukatiza.

"Wale watu waliokukamata," akasema mwishoni, "walikuwa na vijana wa kuchukuliwa kwa nguvu?"

"Wengi, Papa."

"Kulikuwa mumoja murefu, anatembea bega moja chini? Wanamuita Pacifique."

Sadiki alifikiri kwa haki. Kisha akauliza huyo ni nani.

"Ni mutoto yangu," Papa Profesa akasema. "Walimuchukua kwenye njia ya Walikale, anatoka masomo. Nilingoja. Halafu nikasoma vitabu yangu, nikasema mutu wa akili hangoji hivi. Nikaita padri, tukasoma misa, mama yake akavaa nyeusi. Mimi ndiye nilimulazimisha."

Sikuwa nimewahi kusikia kwamba ana mtoto huyo, wala Noella. Majibu yangu matatu yalinitoka kichwani na sijawahi kuyakumbuka tena. Sadiki akamwambia ukweli, kwamba huyo hakumwona, lakini kule watu walikuwa wengi na yeye hakuwaona wote. Papa Profesa aliitikia kwa kichwa, akasema asante, na nikaona mabega yake yanashuka kama ya mtu aliyetua ndoo. Nitasema hapa nisiwatese: mpaka mwisho hatukupata habari ya Pacifique, mbaya wala nzuri. Lakini kesho yake Papa Profesa alitufundisha kuwauliza watu kwanza kama mtu wao amefariki au amepotea, na waliopotea hatukuwapandisha ngazi yoyote, tuliwasikiliza tu. Nami nilirudishwa kwa watu. Miaka yote iliyofuata, akija Goma, alikuwa anakula kwetu, na alikuwa anakula vizuri.

Jumapili ile, lakini, alikuwa bado anaiangalia sahani yake. Mama mkwe alimwona. Alisogeza kiti chake.

"Madereva ya Walikale wanapaki kule Birere asubuhi," akamwambia. "Mimi nilikuwa naenda kuuliza pale kila siku, mpaka siku uliniambiaka niache."

Papa Profesa hakuinua macho. "Kesho tunaweza kwenda wote, mama?"

"Tutaenda," mama mkwe akasema, akamsogezea maji ya kunawa.